Kastadi ya Sikukuu ya Pili

Mkikaa hivi mkaanza kutajiana mtakavyopika sikukuu, mimi huwa nanyamaza, na najua mnadhani naringa au sina hela ya nyama, kumbe mwenzenu nina aibu yangu ya miaka mingi ambayo ikiguswa kidogo tu masikio yanapata moto. Leo nimechoka kuificha. Nitawasimulia, mcheke mpaka mshibe, halafu tusiizungumze tena, maana mwenyewe nimeshaicheka na kuililia vya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mnaikumbuka, tulipokuwa tumepanga foleni za sukari na kufulia majani ya mpapai mpaka tukasahau sabuni inanukiaje, halafu ghafla maduka ya Lushoto mjini yakajaa vitu, biskuti za kila rangi, siagi ya kopo, mafuta ya nywele, sweta za mtumba zinazofika magotini, na kila mwenye ndugu Dar akawa anatamba kwamba ataletewa hiki na kile. Mimi nilikuwa na wifi. Anaitwa Roza, mdogo wake mume wangu, alikuwa karani ofisini huko Dar, na barua zake zilikuwa za vyakula tupu. (Watu wengine huandika kwamba hawajambo na wanamshukuru Mungu. Roza aliandika kwamba Jumapili wamekula kuku wa kukaanga na baadaye wakala kastadi.) Akaieleza hiyo kastadi kwa ukurasa mzima, kwamba ni ya njano, laini, inatetemeka kwenye bakuli, unaiwekea matunda juu, na ukiila unasahau shida zote. Nilikuwa na shida nyingi za kusahau, kwa hiyo barua ile niliisoma mara tatu.

Maana niwaambie ukweli, sikukuu zilikuwa zinanichosha kuliko shule. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, watoto themanini darasa moja, na likizo ya Desemba ikifika, badala ya kupumzika, ukoo wote wa mume wangu, Baba Stella, unapanda mlima kutoka Tanga, Korogwe na Dar na kushukia kwangu, wanasema hewa ya Lushoto ni nzuri, wanalala mpaka jua lichome dirishani, wakiamka wanauliza chai. Mume wangu ni fundi seremala, mtu mpole sana, akiona wageni wengi anakimbilia kwenye karakana yake na kuanza kuranda mbao ambazo hakuna aliyeziagiza. Mimi nabaki na moto. Na kila mwaka ni vilevile, wali, nyama, na makande ya kushindilia, na hakuna hata mmoja anayesema, Mama Stella, kaa chini na wewe.

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, maana bila ng'ombe hamtaelewa. Tulikuwa na kikundi cha ng'ombe wa maziwa, watu kumi na wawili wa kijiji chetu na wa kule chini njia ya Kwai, na utaratibu wetu ulikuwa kwamba unakopeshwa mtamba mwenye mimba, unamlisha bandani, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wako, ni wa mtu anayefuata kwenye orodha. Orodha niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa katibu. Na aliyekuwa akifuata baada yangu ni Mama Anjela.

Mama Anjela alikuwa mjane, mtu mzima, ana wajukuu wawili alioachiwa na binti yake, na alikuwa amesubiri ng'ombe muda mrefu kuliko wote. Ng'ombe wangu alipozaa mara ya kwanza alizaa dume, kwa hiyo Mama Anjela akarudi nyumbani kusubiri tena. Banda alishalijenga. Majani ya gwatemala alishayapanda kwenye kingo zote za shamba lake, yamekuwa marefu kumpita, anayakata anawagawia wenye ng'ombe kwa sababu yeye hana wa kumlisha. Wajukuu walikuwa wanakunywa chai ya rangi. Hajawahi kunilalamikia hata siku moja, ila kila tukikutana, baada ya salamu, angeuliza, "Na yule anaendeleaje?" Yule ni ng'ombe wangu, na tumbo lake.

Basi wiki moja kabla ya Krismasi nipo kwenye mashine ya kusaga, foleni ndefu, ukungu umetanda, tumekaa juu ya ndoo zetu tunapiga soga, na soga lenyewe ndilo hili hili lenu, sikukuu mtakula nini. Mmoja anasema wamenunua jogoo. Mwingine anasema yeye hana makuu, akipata viazi vyake vya kuchemsha na chai ya tangawizi, watoto wamelala, hiyo ndiyo sikukuu. Wakacheka, wakasema kweli kabisa, hakuna kinachopita makande ya moto siku ya baridi. Halafu wakanigeukia.

"Na wewe Mwalimu?"

Ningesema makande. Ningesema makande, mngekuwa hamnioni nimeinamisha kichwa hivi leo. Lakini nilikuwa nimechoka, nimetoka kusahihisha mitihani, nimebeba mahindi ya wageni ambao hata hawajafika, na nikajionea huruma, nikataka japo kwa dakika moja niwe mtu mwenye sikukuu.

"Sisi mwaka huu tutakula kastadi," nikasema.

Mashine ikanguruma peke yake. Halafu Mama Anjela, aliyekuwa amekaa nyuma yangu na ndoo yake ndogo, akauliza kwa upole kabisa, "Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

Nikamweleza. Nikarudia barua ya Roza neno kwa neno kama nimeila jana, njano, laini, inatetemeka, matunda juu. Nikasema huwa tunaila mara kwa mara (huwa!). Mama Anjela akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nitakufa sijaionja." Hakusema kwa kuomba, alisema tu, mnajua watu wazima wanavyosema. Na mimi, mdomo ukiwa tayari umeshanitangulia, nikajibu, "Utakufaje hujaionja na mimi nipo? Njoo sikukuu ya pili. Njooni nyote wa kikundi, tule pamoja."

Nilifika nyumbani nikamwandikia Roza siku hiyohiyo, nikamtumia kwa dereva wa basi, kwamba aje na kastadi, kopo kubwa, asisahau. Akajibu kwa dereva huyohuyo kwamba nisiwe na wasiwasi. Nikalala usingizi mzuri.

Roza akafika siku moja kabla ya Krismasi, na watoto wake, na mizigo ya kupakua nusu saa. Alileta maua ya plastiki. Alileta redio ya kaseti, soda za kopo, viatu vya Baba Stella vya mtumba vinavyometa, na shanga. Nikasubiri. Akafunga begi.

"Wifi, na kastadi?"

Akajishika mdomo. Kopo alilinunua, aliapa alilinunua, ila liko juu ya kabati Dar, amelisahau wakati akimtafutia mtoto soksi. "Lakini si kitu, wifi," akasema, "si tutakula wali?"

Nikamwambia Baba Stella tupeleke habari kwa watu kwamba mwaliko umeahirishwa. Akasema vema, na hilo lilikuwa la busara, lakini nikaona aibu ya kusema sina kastadi baada ya kusema huwa naila mara kwa mara, nikasema ngoja kwanza nifikirie, na nikaenda mjini siku ileile mvua ikininyeshea, nikaingia duka moja baada ya jingine. Biskuti zipo. Siagi ipo. Mpaka kitana cha kuchania mbwa kilikuwepo, lakini kastadi hakuna, mwenye duka mmoja akaniuliza kama ni dawa ya mafua.

Krismasi ikapita. Nilipikia watu kumi na tisa, naona moshi tu, ibada yenyewe niliisikia kwa nje nikimbembeleza mtoto wa Roza. Usiku sikukaa sawasawa kitandani. Na alfajiri ya sikukuu ya pili, nimekwenda bandani kumpelekea maji macho hayajafunguka, nikamkuta ng'ombe wangu kashazaa, peke yake, wiki tatu kabla ya siku niliyoiandika kwenye daftari la kikundi, na ndama kalala kwenye majani, kalowa, anatetemeka.

Sasa hapa ndipo naombeni mnivumilie, maana hapa ndipo mtu anaweza kuuliza, Mwalimu, ulikuwa na akili?

Nyote mnaijua dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano ng'ombe akizaa. Mnajua ukiichemsha na sukari taratibu inaganda yenyewe, inakuwa laini, unaikata kwa kijiko. Tulipokuwa watoto mama alikuwa akituchemshia kidogo na tulikuwa tunagombania kukomba sufuria, hakuna kitu kitamu kama kile duniani. Na mimi nikasimama pale na ndoo, nimechoka mpaka mifupa, wageni watakuja saa sita mchana, na mbele yangu kuna kitu cha njano, laini, kitakachotetemeka. Nikasema, hawa hawajawahi kuona kastadi. Nani atajua?

Nani atajua! Wafugaji kumi na mmoja.

Na mjue kwamba katika kikundi kizima hakuna aliyejua haki ya ndama kunizidi mimi. Wageni wa mradi uliotuletea ng'ombe wakija, ni mimi niliyekuwa nasimama na fimbo mbele ya ubao. Dang'a ni ya ndama. Apewe mapema, kabla mtu hajaonja, ndiyo kinga yake, asipoipata ataugua. Nilikuwa nawaambia wanakikundi warudie wote kwa pamoja kama darasa la pili, na Mama Anjela ndiye alikuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko wote, maana yeye alikuwa anajifunza kwa ajili ya ng'ombe ambaye hana. Hayo yote niliyajua nikiwa nimechuchumaa pale. Nikakamua. Nikajiambia nitaacha ya ndama, nikaangalia ndoo, nikahesabu wageni kichwani, nikakamua tena. Nikajiambia jioni ng'ombe atakuwa na nyingine, ndama atavumilia. Sikumwangalia hata kama ni jike au dume, maana nilijua nikiangalia nitalazimika kufikiri.

Baba Stella akaja, akafurahi, akambeba ndama akampeleka karakanani kwenye takataka za randa apate joto. Akaniuliza, "Umeshampa?" Nikasema nitampa. Akaniamini, ndivyo alivyo, akarudi kwenye mbao zake.

Nikaingia jikoni. Nikachanganya dang'a na maziwa ya kununua, sukari, vanila ya Roza matone kadhaa (vanila alikumbuka kuleta), nikachemsha kwa mvuke kwenye sufuria mbili, na plamsi zilikuwa zimeiva mitini, nikazipika na sukari zikawa nyekundu za kupendeza. Ikaganda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikaipakua kwenye bakuli la kioo la harusi yangu, nikamwagia plamsi juu, na nawaambia, ilikuwa nzuri. Roza alipoiona akapiga kigelegele. Nikamnong'oneza kwamba mjini nilifanikiwa kupata kopo moja la mwisho. Kwa hiyo na yeye nikamdanganya, na hapo nilikuwa nimeshaacha kuhesabu.

Wakaja. Walikuwa wamevaa vizuri, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, walikuja na nguo za kanisani. Mwenyekiti wetu Mzee Sefania na tai. Mama Anjela alivaa gauni la bluu ambalo sijawahi kuliona kabla, na alileta mapeasi kwenye kikapu, kayafuta moja moja.

"Shikamoo Mama Anjela."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za sikukuu? Na yule anaendeleaje?"

"Hajambo," nikasema. "Bado bado."

Wakala wali, wakala nyama, Roza akawawekea redio ya kaseti. Halafu nikaleta bakuli la kioo, nalishika kwa mikono miwili, na Roza akasimama akatoa hotuba kwamba hii ndiyo kastadi ya Dar es Salaam, inatoka kwenye kopo, na sasa nchi imefunguka kila mtu anaweza kula. Wakapiga makofi. Nikawagawia.

Mzee Sefania akaanza. Akaweka kijiko mdomoni, akaacha kutafuna (si kitu cha kutafuna, lakini mdomo ulisimama), akaniangalia, akaangalia bakuli, akaendelea kula. Mama wa pembeni yake akala kijiko kimoja, akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama chini. Nikaona kijiko baada ya kijiko kinapanda na kushuka na hakuna anayesema ni tamu, hakuna anayesema ni chungu, redio tu inaimba. Mzee Sefania akamaliza, akasogeza bakuli lake, akaomba aongezwe. Nikamwongeza. Nilidhani nimepona.

Mama Anjela alikula polepole mpaka mwisho. Akaweka kijiko. Akajifuta mdomo na ncha ya khanga, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo wote waliisikia.

"Mwalimu. Ng'ombe wako kazaa lini?"

"Hajazaa, mama. Mpaka mwezi wa kwanza."

Na hapo ndama akalia.

Hakulia kwa nguvu. Ingekuwa kwa nguvu ningesema ni wa jirani. Alilia kidogo, sauti nyembamba imekwisha, kutoka karakanani, na wote kumi na mmoja wakasimama kwa mara moja bila kuambizana, maana mtu wa ng'ombe anaijua sauti hiyo. Mimi nilibaki nimeshika upawa. Roza akauliza, "Kuna nini, mbona mnatoka?"

Nikawafuata. Ndama alikuwa amelala ubavu kwenye takataka za randa, masikio yamelegea, Baba Stella kapiga magoti pembeni yake kama mtu asiyeelewa. Mzee Sefania akainua mkia. Akasema, "Jike."

Wote waliijua orodha, wote walijua huyu ni wa nani. Mama Anjela alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la bluu, mkono kaweka kifuani, na mnajua nilimwona anaanza kutabasamu. Alisubiri miaka yote ile, na jambo la kwanza alilofanya usoni ni kutabasamu. Kisha akamwangalia ndama vizuri, tabasamu likaondoka.

"Amepewa?" akauliza.

Baba Stella akasema, "Mama Stella alisema atampa."

Wakanigeukia wote. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mashine, nikasema kweli.

"Iko mezani," nikasema. "Yote. Mmeila."

Ndugu zangu, natamani wangenitukana. Mama mmoja alishika tumbo lake. Mzee Sefania, aliyeongezwa, akavua tai, akaitia mfukoni, akatazama nje. Na Mama Anjela hakunitazama hata kidogo, alipita mbele yangu akaingia ndani, akakaa kwenye zile takataka za mbao na gauni lake jipya, akakiweka kichwa cha ndama mapajani.

"Mwalimu," akasema, "kamlete mama yake. Tumkamue tena."

Tulipata kikombe kimoja na nusu. Ndama hakuwa na nguvu ya kunyonya, kwa hiyo Mama Anjela akachovya vidole akavitia mdomoni mwake, anachovya, anatia, anachovya, anatia, na anaongea naye taratibu kwa Kisambaa kama anavyoongea na wajukuu, kwamba amka, banda lako lipo, majani yako yapo, nimekukatia. Wengine wakawa wanasugua miguu yake kwa magunia. Hakuna aliyerudi ndani kula mapeasi. Mimi nilikuwa nachemsha maji ya kumpasha joto, naingia na kutoka, na kila nikiingia wananipisha vizuri tu, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonichoma. Jua lilipokuwa linazama ndama akasimama, akaanguka, akasimama. Mama Anjela akainuka naye, gauni lote maziwa na vumbi la mbao, akasema anawahi wajukuu, kwaherini.

Ndama hakupona siku hiyo, msidhani. Siku ya tatu akaanza kuhara, bwana mifugo akapanda mpaka kwetu, akauliza kama alipata dang'a kwa wakati, na mimi niliyekuwa nafundisha hayo kwa fimbo na ubao nikajibu hapana. Akaandika. Likizo yangu yote iliyobaki niliimaliza bandani, na kikombe cha maji ya chumvi na sukari, kila saa moja, ukoo ukinipikia chai wenyewe kwa mara ya kwanza katika historia ya ndoa yangu. (Kumbe walikuwa wanajua kuwasha moto.) Roza alikuja akakaa nami siku moja, akasema wifi, ungeniambia tu, tungekula wali. Nikamwambia najua. Na kila jioni Mama Anjela alikuwa anakuja, anamsalimia Baba Stella, anamwangalia ndama wake, anaacha mzigo wa majani, anaondoka. Mimi ananiitikia shikamoo. Zaidi ya hapo hakuna.

Mkutano wa kikundi wa mwezi wa kwanza nikapeleka daftari, nikaomba nipumzishwe ukatibu. Hakuna aliyenizuia. Lakini hakuna aliyenisema pia, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameikomba sehemu yake na walikuwa wanaijua tangu kijiko cha kwanza, wakaona haya kumuumbua mwenye nyumba siku ya sikukuu, wakameza. Mzee Sefania aliniambia hivyo mwenyewe baadaye. Akasema, "Mwalimu, sisi wote tuna kesi na yule ndama."

Ndama alipoacha maziwa tukamkabidhi. Alikuwa amedumaa kidogo, mgongo umepinda, ukimweka karibu na wenzake wa umri wake unaona, na nilimshika kamba mbele ya watu wote nikamkabidhi Mama Anjela ndama mdogo kuliko alivyostahili kuwa. Alipokea. Akasema ahsante, akamwongoza njia ya Kwai polepole, anasimama kila ndama akisimama.

Kwa sababu ya udogo ule, alichelewa kupata mimba. Wajukuu wa Mama Anjela wakaendelea na chai ya rangi mwaka mwingine mzima juu ya ile waliyokwisha kunywa, na mwaka huo, ndugu zangu, hauna wa kuubeba ila mimi. Nikikutana nao njiani wanakwenda shule nilikuwa naangalia miguu yao myembamba, na wao wananiambia shikamoo Mwalimu kwa adabu, hawajui kitu.

Ndiyo maana siku hizi mkiniuliza nitapika nini sikukuu, najibu makande, na wageni wakija nawapa makande, na nikiwa nimechoka nasema nimechoka. Nimeona ni rahisi zaidi. Kastadi ziko madukani tele sasa, hata wanangu wanazipenda, mimi sijawahi kuionja na sitaionja.

Na Mama Anjela? Ng'ombe wake alizaa siku moja ya baridi, niko nyumbani nasahihisha madaftari, nikasikia hodi. Alikuwa na bakuli la bati limefunikwa kwa sahani. Akaliweka mezani, akafunua, na ilikuwa dang'a, ya njano, imeganda vizuri, bado ina moshi. Nikamtazama. Akanipa kijiko, akavuta kiti akakaa mbele yangu, mikono kaiweka mapajani.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Ndama ametangulia."

Nikala. Niliila yote, na yeye akinitazama mpaka kijiko cha mwisho.